Shangazi, mji huu unanibana kifua

SWALI

Assalaam alaykum Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 24, kwetu Konde, Pemba. Nilimaliza stashahada ya uhasibu, nikakaa nyumbani karibu mwaka mzima, halafu nikapata kazi huku Unguja, katika ofisi ya mtu binafsi pale Mlandege. Kwetu walifurahi mno, baba akachinja jogoo. Mwanzo nilikuwa kwa mamdogo Tomondo, lakini nyumba yake ina watu wengi na watoto wanalala ukumbini, nikaona haya kuwaongezea mzigo. Nikapanga chumba Mpendae.

Tatizo langu lilianza ndani ya daladala. Ilikuwa asubuhi, gari imejaa, konda ananing'inia mlangoni. Ghafla moyo ukaanza kunienda mbio, vidole vikafa ganzi, midomo ikawa kama inachomwa vijisindano, pumzi ikakataa kushuka. Niliona nakufa. Nikapiga kelele wanishushe, watu wote wakanigeukia. Tangu siku hiyo sipandi tena gari asubuhi. Natoka baada ya Alfajiri naenda kwa miguu, nafika kazini nimerowa jasho, na siku za mvua nachelewa. Bosi ameanza kunisema.

Sokoni Darajani siingii. Nikitoka kazini narudi chumbani, nafunga mlango, nakula mkate na chai. Kazini nikisema neno wanacheka, "Mpemba huyo!", kwa hiyo nimepunguza kusema. Usiku silali, naangalia simu hadi saa nane. Mama ananipigia asubuhi, mchana na usiku, kila akisikia sauti yangu analia, ananambia nirudi. Anasema nimehusudiwa, akanitumia kombe, yale maji ya aya za Qur'ani, kwa mtu aliyekuja na boti. Nimelinywa.

Je, huu ni ugonjwa? Nirudi kwetu? Au kweli kuna jini? Dada mmoja wa kazini alinipa nusu kidonge cha Valium nikalala vizuri, anasema ataniletea tena.

Wako, M., Mpendae

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullah, mwanangu.

Nianze na lile ulilolitia mkiani mwa barua, kama abiria anayetaka kupitisha furushi forodhani bila kuulizwa. Hicho kidonge. Nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu, na dawa hiyo, diazepamu, naijua. Ina kazi yake hospitali, kwa mtu aliyepimwa, kwa siku chache, kwa kipimo kilichoandikwa. Ukiinywa kienyeji itakulaza, ni kweli. Lakini mwili huizoea upesi. Nusu inakuwa haitoshi, unataka kizima, na siku ukiikosa ile hofu inarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na usingizi unaondoka nayo. Mwambie huyo mwenzako ahsante, ana moyo mzuri, lakini asikuletee. Na yeye mwenyewe nani anampa?

Haya, sasa tuje kwenye daladala.

Hukuwa unakufa. Najua ukiambiwa hivyo na mtu aliyekaa kwenye kiti cha ukili barazani kwake unaona anakudharau, basi nikueleze kilichopita. Mwili wa mwanaadamu ukihisi hatari unatoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo unapiga haraka ili damu ifike miguuni ukimbie, pumzi zinakuwa fupi fupi, jasho linatoka, tumbo linasokota. Ungekuwa umemwona fira kwenye msitu wa Ngezi, pale karibu na kwenu, ungeshukuru kuwa na mwili wa namna hiyo. Ila mwili haujui kupambanua fira na gari iliyojaa watu usiowajua. Na ukihema haraka haraka bila kukimbia popote, unaitoa hewa ya kaboni dayoksaidi kwa wingi kuliko inavyotakiwa, na upungufu wake katika damu ndio unaofisha vidole ganzi na kuchoma midomo. Vile vijisindano ulivyovihisi havikutoka kwenye moyo, vilitoka kwenye kuhema.

Jambo la pili la kujua: hali hiyo hupanda, ikafika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka yenyewe, hata usipofanya kitu. Wewe uliteremka ikiwa bado inapanda. Ukapata nafuu barabarani, na kichwa chako kikaandika: nimepona kwa sababu nimeshuka. Kesho yake kikakukataza kupanda. Keshokutwa kikakukataza Darajani, mtondo kikakukataza kusema kazini. Ukiendelea hivyo, mji wote utabaki na ukubwa wa hicho chumba chako.

Kwa hiyo kupanda gari utapanda, mwanangu. Lakini si Jumatatu saa moja asubuhi, sitaki ujikomoe. Anza Jumapili, saa nne hivi, gari zinapokwenda na viti vitupu. Kaa karibu na mlango ukitaka. Nenda vituo viwili tu, teremka, nunua hata ndimu, rudi. Siku nyingine ongeza kituo. Ukishaona unafika Darajani bila kushikilia kiti kwa mikono miwili, basi jaribu saa ya jioni, ndipo uje kwenye asubuhi. Ikikupanda njiani, usishuke. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe taratibu kwa mdomo ukihesabu hadi sita au saba. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, hapo ndipo penye dawa. Wewe mtoto wa Konde bila shaka umekulia kwenye uradi. Basi sema "Subhanallah" polepole kila ukitoa pumzi, hesabu yake itakaa sawa bila kuangalia saa, na hakuna atakayekushangaa. Abiria wa pembeni ataona una ibada. Huku ukivumilia, soma majina ya maduka kupitia dirishani.

Itakuja tena, nakwambia mapema ili isikuvunje moyo. Kuna siku utadhani umepona kabisa halafu ikurukie umekaa raha mustarehe. Ikija, kazi ni ile ile.

Kutembea kwako kwa miguu sikukatazi. Kutembea kunasaidia sana mtu mwenye wasiwasi, hata usingizi huletwa nako. Ila utembee jioni, kwa kupenda, na dada mwenzio. Asubuhi unatembea kwa kukimbia gari, na hapo unailisha hofu kila siku kabla hujala wewe.

Nimetaja kula. Mkate na chai ndio chakula cha siku nzima? Mtu mwenye njaa mikono inamtetemeka, moyo unamdunda, kichwa chepesi. Mtu mwenye hofu ni hivyo hivyo. Ukiwa na vyote viwili hutajua kipi ni kipi. Na chai ya rangi iliyokolea, kikombe juu ya kikombe, ina kafeini inayoongeza mapigo ya moyo. Ile ya usiku iache kabisa. Kahawa za barazani ndiyo usizisogelee kwa sasa. Asubuhi kula kitu kinachokaa tumboni: muhogo, maharage na chapati, viazi vitamu, hata uji wa mtama. Simu ilale mbali na mto. Najua utasema ndiyo saa yako. Inunulie saa ya mezani ya bei nafuu kazi hiyo.

Sasa mama.

Naomba umsomee sehemu hii kwa simu, neno kwa neno. Dada yangu wa Konde, salaam nyingi. Nakuelewa, na mimi nilimlilia wangu alipokwenda Dar es Salaam, nikajificha chooni ili asinisikie. Lakini kila ukilia kwenye simu, mtoto anafahamu kitu kimoja tu: kwamba hata mama anaona niko hatarini. Mpigie mara moja kwa siku, baada ya Isha. Usimuulize "bado moyo unakwenda mbio?" Muulize amepika nini. Mpe habari za huko: karafuu zimezaaje, nani kaposwa, mbuzi wa jirani kala nini. Mtoto akitaka kulia mwache alie, wewe nyamaza naye, na usimwambie arudi. Atakaporudi arudi kwa kutaka.

Na wewe binti, simu ya mama inakupa nafuu ya robo saa. Nafuu hiyo ni ya kweli lakini inakuzuia kutafuta nyingine. Mpendae ina watu wangapi? Umenitajia mamdogo, bosi na mtoa vidonge. Basi.

Nikuambie kuhusu mji huu unaouogopa. Katika sensa ya mwaka 2022, Zanzibar nzima tulihesabiwa watu 1,889,773. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulikuwa na watu 893,169. Karibu nusu ya nchi imejibana hapo. Unafikiri wote hao wamezaliwa hapo? Wengine wametoka Makunduchi, wengine Nungwi, wengine Bara, na sisi wa Pemba usiseme. Nilipokuja kumfuata marehemu mume wangu, tulipata kukaa kwenye majumba ya Michenzani, yale yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Ghorofa ya juu, maji hayapandi, ngazi na ndoo. Mimi wa Wete, niliyezoea kufungua mlango nikakanyaga mchanga! Wiki za mwanzo nilikuwa nikiangalia chini dirishani na magoti yanalegea. Aliyenitoa humo ndani alikuwa jirani wa mlango wa pili, mama wa Kimakunduchi, mkali, aliyenigongea akanambia, "Wewe Mpemba, maji yanatoka chini, huji?" Salamu hakunipa. Mpaka leo watoto wetu wanazikana.

Usisubiri watu wa Unguja wakuonee huruma, wana shughuli zao. Sogea wewe. Chagua duka moja la mtaani, uwe unanunua hapo hapo kila siku, sukari ya hapo, vocha ya hapo, sabuni ya hapo. Muulize mwenye duka kwao wapi. Usishangae akikujibu Wete au Chake Chake, maana maduka ya mitaani tumeyashika wenyewe. Mama anayeuza vitumbua asubuhi, nunua kwake na umwamkie kwa jina. Nenda kwa sheha wa shehia yako ukajitambulishe, wewe ni mkaazi mpya na ni haki yake kukujua; siku ukiugua usiku usiwe mtu wa chumba namba fulani. Ulizia darsa la wanawake msikitini au madrasa ya jirani, hukosi siku moja kwa wiki. Wakicheza mchezo wa fedha hapo mtaani, yaani upatu wa kupokezana, ingia kwa kiwango unachokimudu, kwa sababu anayedaiwa mchezo hutafutwa, na wewe unahitaji kutafutwa. Ijumaa au Jumapili nenda Tomondo kwa mamdogo. Ulihama kwake kwa haya, hukufukuzwa. Nenda umsaidie kukuna nazi.

Wanaocheka usemi wako kazini, hao nimewazoea. Wametutungia na methali, ati Mpemba hakimbii mvua ndogo. Nadhani kosa lako ni kunyamaza, kwa sababu mtu aliyenyamaza huchekwa hata akikohoa. Sema kama unavyosema kwenu, na wakicheka endelea na sentensi yako hadi mwisho. Vitabu vya hesabu vikikaa sawa mwisho wa mwezi watakuja kukuuliza wao. Na ikiwa kuna mmoja anayevuka mpaka, anayekudhalilisha khasa mbele ya wateja, mwambie bosi faragha, kwa utulivu. Siku hiyo hiyo mwambie pia kwamba ulikuwa na tatizo la kiafya la kupanda gari asubuhi na unalishughulikia. Huna haja ya kumpa hadithi nzima.

Jini. Mama yako kakutumia kombe kwa mapenzi, umelinywa, vizuri. Aya za Mwenyezi Mungu hazimdhuru mtu, na ukisomewa kisomo cha ruqya ukatulia, alhamdulillahi. Ninachokataa ni mganga atakayekwambia uwache kwenda hospitali, au akutake fedha za kuku mweusi, au akwambie aliyekuhusudu ni mamdogo. Hapo kimbia. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuhimiza kutafuta matibabu, hilo hata maalim wa chuoni kwenu atakuthibitishia.

Kwa hiyo nenda ukapimwe. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe. Waombe waangalie wingi wa damu, maana upungufu wa damu kwa wasichana ni jambo la kila siku na huleta mapigo ya moyo na kuishiwa pumzi. Waulize pia kuhusu tezi ya shingo, ile ya thairodi. Ikifanya kazi kupita kiasi mtu hutetemeka, hukonda, hukosa usingizi, akadhani ni woga. Ukionekana mzima na bado hofu inakutawala siku nyingi za wiki, ikakuzuia kazi, chakula na usingizi, omba upelekwe kwa wataalamu wa afya ya akili. Ndiyo, nimesema. Najua likitajwa jina la Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya afya ya akili, watu wanashika midomo. Pale huja watu wanaofanya kazi, wanaosomesha, wenye ndoa na watoto, wakahudumiwa wakarudi makwao. Kuna matibabu ya kuzungumza na mtaalamu, ambayo kwa hofu ya namna yako ni tiba kamili, na zipo dawa zisizomfanya mtu mtumwa wake. Na ikitokea siku ukaanza kufikiri bora kufa, usingoje miadi: siku hiyo hiyo mwambie mamdogo na mwende hospitali.

Umeuliza, urudi? Kurudi Konde si aibu, na sitakwambia uking'ang'anie kisiwa hiki kwa ajili ya kumfurahisha mtu. Lakini usiamue ukiwa ndani ya gari moyo unakwenda mbio, wala usiku saa nane. Ipe miezi mitatu, ufanye haya niliyokwambia. Kisha kaa siku moja umeshiba, umelala vizuri, mshahara umeingia, ujiulize kama kazi hii unaitaka. Ukisema huitaki, chukua boti mchana kweupe na mizigo yako yote. Baba atachinja jogoo mwengine.

SWALI

Shangazi, mimi ni mwanafunzi, nasoma Tunguu, kwetu Mkoani, Pemba. Niko salama mjini, nimezoea, hata urojo nimeuzoea. Ninachoogopa ni kurudi. Nilikuwa mtoto ilipozama ile meli mwaka 2011 na mtaani kwetu kulikuwa na misiba. Likizo iliyopita nilikata tiketi, nikafika bandarini Malindi, nikageuka. Nyumbani nimewaambia nina mitihani. Nifanyeje?

JIBU

Mwanangu, hofu yako ina sababu, na mtu akikucheka mwache. Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, kwenye mkondo wa Nungwi, ikiwa imepakia watu na mizigo kupita uwezo wake. Sisi wengine tulikesha kwenye wodi siku zile na hatujasahau.

Ila igawe hofu yako mafungu mawili. Lipo fungu lenye akili: chombo kikionekana kimejaa kupita kiasi, usipande, tiketi ipotee. Hali ya hewa ikitangazwa mbaya, ahirisha. Ukipanda, angalia maboya yalipo. Fungu hili libaki nalo maisha yako yote. Fungu la pili ndilo lililokugeuza Malindi siku bahari ilipokuwa shwari na wenzako wamepanda. Hilo linataka mazoezi kama yale niliyompa dada yako wa Konde. Nenda bandarini siku ambayo husafiri, ukae utazame vyombo vikiingia na kutoka mpaka uchoke kutazama. Safari ya kwanza usiende peke yako. Chagua majira ya maleleji, baina ya pepo za kusi na kaskazi, bahari inapolala. Usijaribu nafsi yako Julai kusi imevuma. Kaa katikati ya chombo, sehemu ya chini, panapoyumba kidogo, na macho yatazame mbali kwenye upeo wa bahari. Usipande na tumbo tupu wala lililojaa biriani. Kama unatapika, waulize duka la dawa kidonge cha kichefuchefu cha safari na ukimeze kabla ya kung'oa nanga, maana ukishaanza kutapika kimechelewa. Kitakulewesha usingizi, na hilo kwako ni faida.

Ukipata nauli, ndege ya kwenda Chake ni safari ya nusu saa hivi. Lakini usiifanye ndege kuwa maficho, fedha za mwanafunzi hazitafika.

Na waambie kwenu ukweli. Mama aliyekaa Mkoani anazijua meli kuliko wewe, hatakushangaa. Anachokishangaa sasa ni mitihani isiyokwisha.

SWALI

Shangazi, wewe unawajibu wanaokuja mjini tu. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Kikwajuni, nimehamishiwa skuli moja karibu na Chake Chake. Usiku kimya kinanitia wazimu, nasikia moyo wangu mwenyewe. Kila mtu ananitazama nikipita. Nimeanza kuhesabu siku za kuomba uhamisho.

JIBU

Mwalimu, pole, na karibu kwetu.

Wanakutazama kwa sababu hawajajua wewe ni mtoto wa nani. Wakishajua watakuchoka. Kwa hiyo wape jibu mapema: kaa barazani baada ya Alasiri, kunywa kahawa yao, ukubali kuulizwa ukoo wako hadi babu wa tatu, na usijibu kwa mkato wa kimjini. Jioni nenda Gombani, utakuta watu wanafanya mazoezi na mpira. Mgeni anayecheza mpira hata vibaya hupata marafiki kwa haraka. Ukisikia kuna mchezo wa ng'ombe kijiji chochote, nenda, hata kama umesimama juu ya mti na wengine.

Kimya cha usiku ukipe kazi. Washa redio kwa sauti ndogo, sahihisha madaftari, na ukitaka kelele za kiumbe hai nenda Kidike siku moja ukawaone popo wa Pemba wanavyogombana mitini. Hawapatikani popote duniani isipokuwa kwetu Pemba, na wanaishi kwa wingi kama watu wa Darajani.

Barua ya uhamisho iandike ukitaka, lakini iweke mezani hadi muhula uishe. Kama bado moyo unakusumbua kwa namna ya yule dada wa Mpendae, basi ushauri wa kupimwa ni wako pia. Wanaume wa Kikwajuni nao wana tezi.